Anayesema “turudi” asibishiwe



Juma hili nawapeleka mbali, kwenye milima ya Alpes, nchini Uswisi. Rafiki yangu, ambaye tulikaa naye benchi moja wakati wa masomo ya ualimu, sasa anaishi huko katika jimbo la Valais, anahudumia wazee. Mwezi wa nne, jumamosi na jumapili, alipanda mlima wa theluji pamoja na mama mmoja anayefanya naye kazi. Alinielezea safari yote kwa simu, nami nikaona ndani yake kuna somo letu.

Wengi tumeona katika televisheni watu wanaoteleza kwa ski. Hao hupandishwa kwa mashine, kisha wanashuka katika njia iliyotengenezwa na kulindwa. Safari ya rafiki yangu ni ya namna nyingine: hakuna mashine, hakuna njia. Unapanda kwa nguvu zako, ski zikiwa miguuni, saa tatu au nne, ndipo unashuka. Mtu atauliza: kitu kinachoteleza kitapandaje mlima? Chini ya kila ski hubandikwa ukanda wa manyoya mafupi yaliyolala kuelekea nyuma. Ukisukuma mbele, unateleza. Mguu ukitaka kurudi nyuma, manyoya yanasimama na kushika theluji. Zamani ukanda huo ulikuwa ngozi ya sili, mnyama wa baharini. Siku hizi ni manyoya ya mbuzi au nailoni, lakini Wafaransa bado wanauita ngozi ya sili.

Msifikiri wanawake wa huko walipewa milima bure. Mwaka 1907 chama kikubwa cha wapanda milima cha Uswisi kiliwafungia mlango. Mwaka 1918 wakaanzisha chama chao wenyewe, na ni mwaka 1980 tu ndipo vyama viwili viliungana. Sisi wa muungano tunaelewa maana ya kungoja namna hiyo.

Sasa hatari yenyewe. Katika majira yale, usiku wenye nyota theluji inaganda na kuwa ngumu kama saruji. Asubuhi jua linailainisha kidogo juu, na hapo kushuka ni kutamu. Lakini jua likipanda, maji yanaingia ndani, theluji inakuwa nzito, na upande mzima wa mlima unaweza kuporomoka. Kwa hiyo watu huamka usiku wa manane na kuhakikisha wameshuka kabla ya saa sita ya mchana.

Kabla ya kutoka walisoma tangazo la hatari ya maporomoko, ambalo lina ngazi tano. Kila mmoja alivaa chini ya koti kifaa kidogo kinachotoa alama, ili akifunikwa mwenzake amtafute. Kila mmoja alibeba pia sepeto na fimbo ndefu ya kukunja, ya kuchoma theluji. Kwa nini kila mmoja? Kwa sababu aliyefunikwa anaishiwa hewa haraka: dakika kumi na tano za kwanza ndizo zenye matumaini makubwa. Helikopta inaweza kuchelewa. Mwokozi wako ni yule uliyetoka naye nyumbani. Na katika nyumba ya wasafiri walikolala mlimani, waliandika kwenye daftari majina yao na mahali wanakokwenda.

Jambo la mwisho walilofanya jumamosi jioni halikuwa la vifaa. Walipatana hivi: mmoja wetu akisema “turudi,” tunarudi. Haulizwi sababu, hachekwi, halaumiwi kesho yake.

Usiku ule mawingu yalifunika mbingu, na theluji haikuganda vizuri. Jumapili walitoka alfajiri. Baada ya saa moja, ski zilianza kuzama. Mara wakasikia chini ya miguu sauti nzito, kama godoro linalokaa chini. Kilele kilikuwa kinaonekana. Rafiki yangu alikuwa amelipia viatu vya kukodi, na ameomba ruhusa kazini. Alitamani kuendelea. Mwenzake akasema: “Turudi.” Wakageuka. Saa tatu ya asubuhi walikuwa wanakunywa chai.

Je, mlima uliporomoka siku ile? Hawakuona kitu. Hapo ndipo penye ugumu, wamama. Anayerudi mapema hapati ushahidi wa kuonyesha. Watu watamwita mwoga, naye hana la kujibu isipokuwa kwamba yuko mzima.

Theluji kwetu iko Rwenzori tu, lakini miteremko inayoporomoka tunaijua. Hapa Bukavu tumejenga juu ya vilima, nyumba juu ya nyumba, na mvua kubwa inapokuja udongo unaondoka. Udongo nao husema kabla ya kuanguka: nyufa mpya ardhini au ukutani, mlango ambao jana ulifungika na leo unakataa, mti ulioanza kuinama, maji ya chemchemi yanayotoka na matope. Mara nyingi anayeona kwanza ni mama, kwa sababu ndiye anayefagia na kuteka maji. Akisema “tutoke,” anajibiwa kwamba nyumba imesimama miaka kumi, kwamba wezi wataingia, kwamba jirani atacheka. Mabishano yakiisha, usiku umekwisha kuingia.

Kwa hiyo mapatano yafanyike jua likiwaka, si katikati ya mvua. Mzungumze na baba watoto na watoto wakubwa mambo haya matatu. Kwanza: tukitoka usiku, tunakwenda kwa nani, na njia ipi haipiti chini ya mteremko? Pili: nani anabeba mtoto mdogo, nani anamshika mkono nyanya, na karatasi za familia ziko wapi? Tatu: tunakubali kwamba mmoja wetu akisema “tutoke,” hata kama ni mtoto, tunatoka kwanza, maneno yatafuata tukishafika salama?

Katika kikundi chenu, kila mama aseme jibu lake la swali la kwanza. Asiye na pa kwenda, wengine wampatie mlango kabla ya kuachana.

Tukutane juma lijalo.