Tuwafundishe Watoto Kuisikia Sauti ya Hadithi

Katika Visiwa hivi hakuna mtoto asiyekijua kijembe. Mama akijifunga kanga yenye maneno ya upole, kisha akapita nayo mara tatu mbele ya mlango wa jirani, mtoto wa miaka minane hana haja ya kuambiwa kwamba upole ule si upole. Bibi akimwambia mjukuu aliyechelewa kurudi chuoni, "Hongera, leo umewahi," mjukuu huinamisha kichwa, kwani anajua fika kwamba hakupongezwa. Ndivyo tulivyolelewa sote, Unguja na Pemba: kulipima neno kwa sauti iliyolibeba, kisha ndipo kulipima kwa maana yake.

La kusikitisha ni kwamba mtoto huyo huyo, akishakaa darasani na kufunguliwa kitabu cha hadithi, sikio lake huwa kama limezibwa. Ataweza kuwataja wahusika wote kwa majina yao. Ataweza kukariri dhamira tano kama zilivyoandikwa ubaoni. Lakini ukimuuliza iwapo mwandishi ameyasema maneno haya kwa kejeli au kwa huruma, kwa hasira au kwa huzuni, hana la kujibu, kwa sababu hilo halikuwamo katika daftari. Tunaliona jambo hili linastahili kuzungumzwa kwa uwazi, hasa wakati huu ambapo mitaala yetu inahimiza umahiri badala ya kukariri.

Kwanza tuelewane juu ya maneno yenyewe. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, dhamira ni nia iliyomo moyoni mwa mtu. Katika fasihi ni lile jambo kuu ambalo hadithi inataka tulifahamu kuhusu maisha ya wanaadamu. Toni nayo ni msimamo wa moyo wa msimulizi juu ya hayo anayoyasimulia, kama unavyosikika katika maneno aliyoyachagua. Basi dhamira ni nia, na toni ni sauti. Na nia ya mtu haijulikani barabara mpaka sauti yake isikike. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha dhamira na kuiacha toni anampa mwanafunzi jibu la hesabu bila ya kumwonesha hesabu ilivyofanywa.

Tuchukue mfano mdogo tulioubuni wenyewe, ili asitokee wa kutuuliza mheshimiwa huyo ni nani: "Mheshimiwa aliwatazama kwa huruma wanafunzi waliokaa sakafuni, akawaahidi madawati mwakani, kama alivyowaahidi mwaka jana na mwaka juzi. Watoto, kwa furaha kubwa, wakampigia makofi ambayo walikuwa wakifundishwa wiki nzima."

Mwanafunzi aliyezoea kukariri akipewa kifungu hiki ataona "huruma", ataona "akawaahidi", ataona "furaha kubwa", kisha ataandika kwa mwandiko mzuri kwamba dhamira ni uongozi bora na upendo baina ya viongozi na wananchi. Maneno yote aliyoyataja yamo. Hata hivyo jibu lake limekwenda kinyume kabisa na hadithi, kwa sababu hakuisikia kejeli iliyomo katika "mwaka jana na mwaka juzi", wala hakujiuliza ni furaha gani hiyo inayohitaji kufundishwa wiki nzima. Hili si kosa dogo la kukosa alama mbili. Mtoto amesoma lawama akadhani ni sifa.

Hatari hiyo inakuwa kubwa zaidi tunapofika katika vitabu vyenyewe, tena vitabu vilivyoandikwa na watu wa Visiwa hivi. Riwaya ya Adam Shafi, *Kasri ya Mwinyi Fuad*, iliyochapishwa mwaka 1978, inatuonesha maisha ya mwinyi mwenye mashamba na watumishi wake katika miaka ya kuelekea Mapinduzi ya 1964. Ndani yake yumo Kijakazi, mtumishi anayemtumikia bwana wake kwa utii na mapenzi, na dhuluma anayotendewa haimwondolei utii huo. Mwanafunzi asiyeweza kuitenga sauti ya mhusika na sauti ya mwandishi atamsikiliza Kijakazi peke yake, na atahitimisha kwamba kitabu kinausifu utumishi mwema. Mwenye sikio atagundua kwamba kila Kijakazi anapozidisha utii, mwandishi anazidi kutuonesha mateso yake, na kwamba utii huo ndio unaotuumiza sisi wasomaji. Hapo ndipo dhamira ilipo: kwamba dhuluma iliyodumu sana huingia hadi moyoni mwa aliyedhulumiwa, akaiona kuwa ni wajibu wake. Jambo hilo haliwezi kufahamika kwa kukariri neno "unyonyaji" na kulipigia mstari.

Vivyo hivyo kwa *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Kwa juu ni kisa cha nchi inayoelea angani, na cha kijana aitwaye Karama aliyeshitakiwa na Majivuno kwa kuanzisha mafunzo ya sheria. Mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali chini ya utawala wa Kiingereza, na hakuweza kusema kila kitu waziwazi. Alisema kwa lugha ya heshima na ya taratibu, na katika heshima hiyo akaweka mashitaka mazito juu ya watawala wasiotaka kuambiwa. Anayekisoma kitabu hicho bila ya kuipima sauti yake atabaki na ngano ya watoto, na atashangaa kwa nini wakubwa wanakitaja sana.

Pengine msomaji atauliza: je, watoto wadogo wanaweza kufundishwa mambo haya? Sisi tunasema wanaweza, na tena ni rahisi kuliko tunavyodhani, kwa kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Mwalimu wa darasa la nne hana haja ya kuanza na riwaya. Aanze na Abunuwasi. Wasomee watoto kile kisa cha Abunuwasi aliyeazima sufuria, akairudisha pamoja na kisufuria kidogo, akasema kuwa sufuria imezaa. Mwenyewe akapokea kwa furaha. Mara nyengine akaazima tena, na safari hii akasema kuwa sufuria imekufa. Mwenyewe akapiga kelele kwamba sufuria haifi. Watoto watacheka. Hapo mwalimu awaulize: mmecheka kwa nini? Hadithi inamcheka nani? Mtoto akishajibu kwamba anachekwa yule aliyekubali uzazi akakataa kifo, basi ameshaitambua toni, hata kama neno lenyewe hajalisikia.

Kutoka hapo ni hatua moja tu kufikia dhamira. Mwalimu asiridhike na jibu la neno moja. "Tamaa" ni mada, yaani jambo linalozungumzwa. Bado haijawa dhamira. Amtake mtoto aseme sentensi nzima: hadithi hii inasema nini kuhusu tamaa? Mtoto atasema kwa maneno yake kwamba mwenye tamaa huukubali uongo madhali unamnufaisha. Hiyo sasa ni dhamira, na ameitoa mwenyewe.

Zipo njia nyengine zisizohitaji fedha wala mitambo. Mwalimu aandike ubaoni: Faki alikula wali; Faki alibugia wali; Faki alidonoa wali. Sahani ni moja na mtu ni mmoja, lakini katika sentensi ya pili msimulizi anamkebehi Faki, na katika ya tatu pengine anamwonea huruma. Awaulize watoto tofauti imetoka wapi, nao wataona kwamba neno moja limegeuza hali yote. Au kifungu kimoja kisomwe kwa sauti mara mbili, mara ya kwanza kwa uzito na mara ya pili kwa dhihaka, kisha darasa liamue usomaji upi unaafiki maneno ya mwandishi, na kila anayeamua aoneshe neno lililomshawishi. Kwa wanafunzi wa sekondari yatosha maswali matatu: nani anasema? Ni maneno gani yanauonesha moyo wake? Je, moyo huo umebadilika kufikia mwisho wa hadithi?

Wapo watakaosema kwamba toni ni jambo la kuhisi, na kwamba la kuhisi halisahihishiki. Hoja hiyo tunaiheshimu, lakini hatukubaliani nayo. Haiwi kila hisia ni sahihi kwa kuwa ni hisia. Anayesema kwamba kifungu kina kejeli anao wajibu wa kuonesha kejeli hiyo imo katika neno lipi; akishindwa, hana jibu. Wanafunzi wawili wanaweza kutofautiana, mmoja akasema ni huzuni na mwengine majuto, na wote wawili wakastahili alama kwa ushahidi walioutoa. Asiyestahili ni yule aliyeandika jibu zuri la kitabu ambacho hakukisikia.

Hatuwalaumu walimu. Tunajua kwamba madarasa yana wanafunzi wengi, kwamba muhtasari una mambo mengi ya kumalizwa kwa wakati, na kwamba pale ambapo kitabu kimoja kinagombaniwa na wanafunzi kadhaa, kuandika nukuu ubaoni huwa ndiyo njia iliyobaki. Tunajua pia kwamba mtihani ndio unaoliongoza darasa. Swali likitaka hoja tano, mwalimu atafundisha hoja tano, na vijitabu vya maswali na majibu vitauzwa kwa wingi kuliko riwaya zenyewe.

Kwa hiyo tunapenda kutoa maoni yetu kwa wahusika. Kwanza, watungaji wa mitihani, wa hapa kwetu na wa Baraza la Mitihani la Tanzania, waweke katika mitihani ya fasihi kifungu kifupi ambacho mwanafunzi hajawahi kukiona, na aulizwe toni yake, dhamira yake, na ushahidi wa yote mawili. Kifungu cha namna hiyo hakikaririki, na darasa litalazimika kubadilika lenyewe. Pili, Taasisi ya Elimu Zanzibar pamoja na vyuo vinavyowaandaa walimu viwape walimu wa Kiswahili nafasi ya kusoma hadithi kama wasomaji, kwa kuzisoma kwa sauti na kuzijadili, kwani asiyejua maana haambiwi maana, na mwalimu asiyeifurahia hadithi hawezi kumfurahisha mwengine. Tatu, katika miaka ya karibuni zimejengwa skuli za ghorofa Unguja na Pemba, nasi tumeziona na kuzishukuru. Tunaomba majengo hayo yapate maktaba zenye vitabu vya hadithi vya kutosha, vinavyotoka na kwenda nyumbani na watoto.

Nasi wazazi tunalo fungu letu. Paukwa na Pakawa ilikuwa skuli yetu ya kwanza ya toni. Bibi alipoiga sauti ya Fisi na ya Sungura, tulijifunza nani mjanja na nani mpumbavu kabla ya kujua kusoma. Dakika chache za usiku, simu na televisheni zikiwa zimewekwa kando, zingemrudishia mtoto wa leo sehemu kubwa ya urithi huo.

Tunaisisitiza kadhia hii kwa sababu faida yake haiishii skuli. Kijana aliyezoea kuuliza nani anasema, na kwa moyo gani, hatatapeliwa upesi na ujumbe wa simu unaomwita mteja mpendwa na kumwahidi zawadi asiyoiomba, wala hatachochewa na mzushi anayejificha nyuma ya maneno ya uzalendo au ya dini. Na kijana huyo akija kuwa ofisa, atakapopokea barua ya wananchi wa shehia fulani iliyojaa "tunaomba kwa heshima na taadhima", hataishia kwenye heshima hiyo akaiweka faili kabatini. Ataisikia dhiki iliyomo ndani yake. Tunaamini kwamba uongozi mwema unahitaji usomaji wa namna hiyo.

Elimu bure ilitangazwa hapa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, ili mtoto wa mkulima na wa mvuvi naye aweze kusoma. Lugha tunayoizungumza ndiyo iliyoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Mzaliwa wa Visiwa hivi, Abdulrazak Gurnah, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na riwaya yake moja imeshafasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*. Itakuwa ni aibu iwapo watoto wa nchi yenye hazina kama hii watamaliza skuli wakiwa wanayajua maneno yote ya hadithi, lakini hawajui iwapo hadithi hiyo inalia au inacheka. Sikio wanalo tangu nyumbani. Lililobaki ni kuwaruhusu waingie nalo darasani.