Mtoto Akikoroma, Wewe Unacheka Nini?

Wasee, video yangu iliyovuma kuliko zote ni ya mdogo wangu akikoroma kama trekta ya majani chai ikipanda mlima hapa Roret. Ana miaka mitano. Nyinyi mlicheka, mimi nikacheka, nikaweka hadi mdundo chini yake. Nimeifuta.

Katikati ya zile komenti za vicheko, nesi mmoja aliandika: "Sikiliza pale anaponyamaza." Nikairudia. Anakoroma, ananyamaza, halafu anashtuka akitafuta hewa. Shida iko kwa hicho kimya. Nyuma ya pua kuna nyama zinaitwa adenoidi, na hata mtoto akifungua mdomo huzioni. Zikifura pamoja na mafindofindo, hewa inakosa njia, anaamka mara kibao usiku bila kujua. Mchana analala darasani. Mwalimu akamwita mvivu, Mama akaamini, na mimi niliyeacha chuo nikampigia kelele juu ya masomo. Mimi!

Halafu ushauri ukaanza. Kogo anataka akatwe kilimi. Kogo, kwa heshima: kilimi ni kile kijinyama kinachoning'inia kooni, na adenoidi ziko juu huko nyuma ya pua. Paa linavuja, wewe unang'oa mlango? Na mtoto akivuja damu kwa mkataji wa kienyeji, nani atamwongeza nyingine? Jirani naye anasema kemisti tu. Tumemaliza chupa ngapi za antibaiotiki na bado anakoroma?

Sisemi kila mtoto apasuliwe. Adenoidi nyingi husinyaa zenyewe mtoto akikaribia kubalehe. Na kwa mafindofindo yanayouma tu, madaktari huhesabu: mara 7 kwa mwaka mmoja, au 5 kila mwaka kwa miaka 2, au 3 kila mwaka kwa miaka 3. Chini ya hapo, mara nyingi wanangoja. Lakini hiyo hesabu ni ya daktari, sio yako ukiwa jikoni. Koo lenye bakteria ya streptokoka lisipotibiwa linaweza kuishia kuharibu valvu za moyo. Huko Tenwek, Bomet, wanapasua mioyo iliyoharibika hivyo, na wengine ni vijana wa rika letu.

"Ngoja bonasi ya Oktoba." Bonasi yetu ya huku mnaijua vizuri, na usingizi wa mtoto haungoji KTDA. Ndiyo, upasuaji una hatari zake, hasa damu, ndiyo maana mtoto huangaliwa kwa karibu wiki mbili. Lakini anafanyiwa akiwa amelazwa usingizi wa dawa, kupitia mdomoni, na nje hakuna kidonda.

Na nyinyi mnaoendelea kuisambaza ile video, itoeni. Leo.

Amepangiwa Jumanne. Siku hizi nalala chumba chake, nahesabu kimya chake kwa simu. Jana kimoja kilifika sekunde kumi na mbili.