Chakula cha Mzee Kiandikwe Kwenye Faili

Katika vijiji vya mteremko wa Kilimanjaro, kuanzia Machame hadi Rombo, mama aliyejifungua hutunzwa kwa mtori. Jamii inatambua kwamba mwili uliopita katika shida kubwa hujengwa upya kwa chakula, tena kwa wiki nyingi. Lakini mzee wa miaka 75 anayetoka wodini baada ya nimonia iliyoletwa na virusi mara nyingi hupokewa kwa uji mwepesi na chai ya rangi. Naye pia ni mzazi, na mwili wake pia umebomoka. Kwa maoni yangu, lishe yake ni sehemu ya tiba, na inapaswa kuandikwa kwenye faili kama zinavyoandikwa dawa.

Tangu mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alipotangazwa nchini, Machi 2020, wahudumu na ndugu wa wagonjwa walijifunza kufuatilia kiwango cha oksijeni saa kwa saa. Chakula hakikufuatiliwa kwa bidii hiyo. Hali ni ileile kwa mafua makali na maambukizi mengine mazito ya virusi: mgonjwa akishapumua vizuri, tunahesabu kuwa amepona.

Ndani ya mwili mambo ni tofauti. Homa huongeza matumizi ya nishati, na mwili unaopigana na maambukizi huvunja misuli ili kupata malighafi ya kujikinga. Wakati huohuo hamu ya kula hupotea, harufu na ladha hufifia, na kupumua kwa shida huufanya kila mlo kuwa mzigo. Kitanda nacho huongeza hasara. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2007 ulionesha kwamba wazee wenye afya njema waliolala kitandani kwa siku 10 tu walipoteza takriban kilo 1 ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa, na walikuwa wakilishwa. Mzee anayerudi Kibosho au Marangu bila misuli hiyo hawezi kuinuka kitini wala kupanda njia ya kwenda shambani. Atakaa ndani, ataanguka, na huenda akarudishwa hospitalini kwa sababu nyingine kabisa.

Dawa ya hasara hii haiko mbali. Miongozo ya lishe hupendekeza kwamba mzee anayeugua apate gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa mzee wa kilo 50, hizo ni angalau gramu 60. Mayai mawili hutoa takriban gramu 12, glasi mbili za maziwa gramu 16, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15, na kipande cha nyama cha kujaa kiganja gramu 20. Vingi kati ya hivi hupatikana kihambani: ng'ombe zizini, kuku uani, maharage chini ya migomba. Najua kwamba maziwa na mayai ndiyo yanayouzwa ili kupata fedha za matumizi. Hata hivyo, kwa wiki chache baada ya ugonjwa mzito, glasi mbili na mayai mawili yabaki nyumbani.

Mtori nao una siri yake. Ndizi hutoa nishati, lakini protini yake ni kidogo. Mchuzi wa mifupa pekee hautoshi. Mara nyingi mzee asiye na meno huachiwa mchuzi, na nyama huliwa na wengine. Nyama ichemshwe mpaka ilainike, ipondwe pamoja na ndizi, kisha iongezwe maziwa. Apewe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Tahadhari zipo. Mgonjwa aketi wima anapokula, na akipaliwa mara kwa mara, mhudumu aelezwe mapema. Aliyekaa siku nyingi bila kula asilishwe kingi kwa ghafla, kwani madini katika damu yanaweza kushuka kwa hatari. Mwenye ugonjwa wa figo au kisukari apangiwe kiasi chake na daktari au afisa lishe.

Wapo watakaosema kwamba wauguzi ni wachache na kazi ni nyingi. Ni kweli. Lakini ninachoomba hakihitaji mashine mpya: mzee apimwe uzito anapolazwa na anaporuhusiwa, iandikwe kama amemaliza sahani, nusu au robo, ndugu anayeleta chakula wodini aambiwe alete nini, na karatasi ya kuruhusiwa itaje mlo na mazoezi ya kuinuka na kutembea, kwa kuwa chakula bila mwendo hakirudishi misuli.

Nanyi ndugu mnaomuuguza mzee, msisubiri aseme ana njaa, huenda asiseme. Mkiona nguo zinampwaya au sahani inarudi imejaa, rudini kituoni mkaeleze. Kuhama kitandani kwenda kitini, kisha mlangoni, kisha kihambani: hicho ndicho kipimo cha kupona kwake.