Fundi Alipwe kwa Kutafuta Ugonjwa wa Klachi

Mwenye gari akifika gereji na kusema klachi inavuja, mara nyingi hujibiwa kabla gari halijainuliwa: gia boksi ishushwe, klachi ibadilishwe seti nzima. Huenda fundi amepatia. Lakini klachi pleti hufanya kazi ikiwa kavu, haina chochote cha kuvuja. Kinachodondoka kimetoka mahali pengine, na mahali hapo ndipo panapoamua kama bili itakuwa ndogo au ya kuuza mbuzi.

Kwenye Hiace nyingi za daladala, Hilux za zamani na Canter, pedeli husukuma mafuta ya breki kutoka silinda ya juu hadi silinda ya chini iliyofungwa nje, ubavuni mwa gia boksi. Raba za silinda zikichakaa, mafuta hutoroka. Pedeli inalala sakafuni, gia inakataa kuingia, na dereva akipampu mara mbili tatu inakubali. Fundi makini huinua kapeti na kupapasa juu ya pedeli kutafuta unyevu, kisha huchungulia chini ya raba ya vumbi ya silinda ya chini. Mafuta ya breki ni mepesi na hubabua rangi ya gari. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi. Ya gia boksi ni nzito na ina harufu kali. Boksi la katoni likilazwa chini ya gari usiku kucha linatosha kuanzia uchunguzi.

Oili ikichuruzika pale injini inapokutana na gia boksi, hiyo ni habari nyingine. Sili ya nyuma ya injini au ya shafti ya gia boksi imekwisha, pleti inalowa na kuanza kuteleza: injini inanguruma, gari halipandi mlima. Mwenye basi dogo anayepanda mlima wa Kitonga na abiria anajua hofu hiyo.

Tatizo ni mazoea yetu ya kutaka uchunguzi wa bure. Fundi aliyelala chini ya gari saa nzima halipwi mpaka afunge spea, kwa hiyo spea lazima ipatikane. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imekuwa ikifundisha ufundi wa magari tangu miaka ya 1990, nasi bado tunalipia spana tu. Gereji zitoze ada ya uchunguzi, ziipunguze kwenye bili mteja akikubali kazi, na ziandike kwenye karatasi: kinachovuja ni nini, kinatokea wapi, kipi kitafunguliwa. Mteja naye aache kununa akiombwa ada hiyo.

Karatasi hiyo ndiyo msingi wa bajeti. Uvujaji wa nje unahitaji raba au silinda mpya, mafuta ya breki na kazi ya kutoa upepo. Silinda ikiwa na mikwaruzo ndani, raba mpya zitavuja tena. Hapo fedha iende kwenye silinda. Kwenye baadhi ya magari, zikiwemo Ford Ranger za karibuni, silinda ya chini imefichwa ndani, hivyo hata raba ndogo inadai gia boksi ishuke. Ikishashuka, ufundi umeshalipiwa: sili, beringi na pleti vinunuliwe kwa pamoja kama vimechoka, na flaiwili ikaguliwe.

Wakati fedha inatafutwa, gari lisitembezwe kwa kuongeza oili ya injini kwenye chombo cha mafuta ya breki. Oili hiyo huvimbisha raba, na kwenye magari mengi chombo hicho kinahudumia klachi na breki pamoja. Mwenye gari aliyetaka kuokoa gharama ya silinda moja atajikuta ananunua raba za mfumo mzima wa breki, iwapo gari litakuwa limesimama salama.