Wastani si Sheria

Mchoro wa kitabu cha biolojia huonyesha mfupa mmoja wa paja, kana kwamba wanadamu wote wametolewa katika kalibu moja. Sivyo. Pembe baina ya shingo na kiwiliwili cha mfupa huo kwa kawaida hupungua kutoka nyuzi 150 hivi utotoni hadi 125 hivi utu uzimani, na hata watu wazima hutofautiana. Baadhi yao wana kinundu pale kichwa cha mfupa kinapokutana na shingo. Wachuchumaapo, kinundu huweza kugonga ukingo wa kikombe cha nyonga na kuharibu gegedu. Mwaka 2003 Reinhold Ganz wa Bern, Uswisi, na wenzake walieleza kuwa mgongano huo huweza kuchakaza kiungo kabla ya uzee. Hata hivyo, wengi wenye kinundu hawaumwi. Tofauti peke yake si ugonjwa.

Basi mwalimu wa michezo amwadhibuye kwa uvivu mwanafunzi anayelalamika nyonga akichuchumaa huenda anaadhibu umbo la mfupa. Amsikilize kwanza. Naye mwalimu wa biolojia afundishe kwamba wastani ni hesabu ya watu wengi, si amri kwa kila mtu.