Mabati Sawa, Kusoma Je?

Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2019, kamati za wazazi zinabishana juu ya madawati, mabati na michango. Sawa, katika darasa linalovuja hakusomeki. Lakini mtoto wa mwaka wa tatu anaimba kitabu cha Kifaransa toka juu hadi chini. Mwulize maana, anatazama miguu yake. Sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha za taifa zifundishie, na Kiswahili ni mojawapo. Mzazi anayedai Kifaransa tangu siku ya kwanza simlaumu: ndicho cha mtihani na cha kazi. Ila aliyekwisha kujua kusoma kwa Kiswahili hajifunzi tena kusoma. Anajifunza lugha mpya tu. Kamati ziulize hilo kabla ya rangi ya ukuta, nasi wa kitivo hiki tuwe tumeketi humo.