Biharusi, Usiionee Haya Starlet



Suala la gari ya biharusi halishi. Safari hii limetufikia kutoka Kagera: binti wa Muleba anaolewa Bukoba mjini, na mchumba wake ana Toyota Starlet ya miaka ya tisini, mali yake, haina deni la mtu. Mashangazi hawaitaki. Wanataka ikodiwe gari kubwa nyeupe, hata ikibidi kukopa.

Sisi tuko upande wa Starlet, tena bila kuzunguka.

Kwanza tuijue. Toyota iliitengeneza hadi 1999, ikaiachia nafasi Vitz. Zipo EP82, iliyotoka mwishoni mwa 1989, yenye kona kona, na EP91 ya 1996, iliyojiviringa kidogo. Nyingi zina injini ya cc 1331, na gari yenyewe uzito wake ni kama kilo 800 tu. Ndiyo maana vilima vya Kamachumu inavipanda bila kuguna, na mafuta inaramba, hainywi.

Kuuona uzuri wake kunataka jicho. Tuliipenda moja tuliyoiona njia ya Kemondo, namba A, rangi yake ya kwanza, dashibodi haina ufa. Kijana ameitia rimu za inchi 14 mahali pa zile za 13, na springi ameshusha vidole viwili, basi. Mashaallah. (Semeni mashaallah mkiona kitu cha mtu, hata kama ni gari.) Vidole viwili ni akili. Kutoka Bukoba hadi Muleba ni kilomita sitini na kitu za lami yenye matuta, na ukiacha lami kuelekea nyumbani kwa watu unaingia udongo mwekundu katikati ya migomba. Aliyeshusha shubiri nzima ataacha bampa njiani, na biharusi atashuka na viatu mkononi.

Mvua nayo. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na bati la zamani halipendi maji. Kwa hiyo kabla ya kusifu rimu, nyanyua zulia la chini, tazama kama pana kutu. Gari iliyokauka chini ina mwenyewe anayeitunza, na mwanamme anayetunza kitu cha miaka thelathini ametueleza jambo ambalo posa haikuuliza.

Yapo tusiyoyapenda. Tinti nyeusi tii, eti ni stara ya biharusi. Stara ni ya vazi na mwenendo. Dereva anahitaji kuona, hasa ukungu wa asubuhi unapoteremka. Eksozi ya kupiga kelele haina heshima kwa jirani, na ikipita msikitini watu wamesimama kwenye sala ni aibu ya wote waliomo ndani. Na ile beji ya Turbo iliyobandikwa kwenye gari isiyo na turbo, huo ni uongo wa gundi. Mchumba wako akiwa nayo, mwambie kwa upole aibandue.

Mashangazi tunawaheshimu. Wanaogopa maneno ya watu, na Kagera, kama kwetu visiwani, maneno hayana breki. Lakini israfu ni israfu hata ikifungwa maua. Gari ya kukodi inarudi kwa mwenyewe usiku ule ule, na deni linabaki chumbani na maharusi. Starlet ndiyo itakayokupeleka kliniki alfajiri, ndiyo itakayokurudisha Muleba kwa mama siku ya Idi na mkungu wa ndizi nyuma. Spea zake si za kutafuta kwa tochi, na fundi yeyote wa mtaani anaifungua macho yamefumba.

Basi ioshwe, ipigwe polishi, itangulie msafara. Atakayetaka kuja na gari kubwa aje, afuate nyuma.

Kwenye mapambo, fungeni utepe wa kitambaa, mwishilie ndani ya boneti na milango. Msitumie gundi wala selotepu: rangi ya miaka thelathini ikibanduliwa haina wa kuifananisha.